Mlio wa Stata: Jinsi ya Kuchunguza Gari Linalogoma Kuwaka

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika gazeti letu la muhula huu napenda kuwaeleza jambo ambalo karibu kila mmoja wetu amepata kuliona. Dereva anaingia garini, anazungusha ufunguo, na badala ya injini kunguruma inasikika sauti moja, "ta!", kisha kimya. Au husikika "ta-ta-ta-ta-ta" kama mvua ya mawe juu ya bati. Watu hukusanyika, na kabla boneti haijafunguliwa kila mtu amekwisha toa hukumu yake. Wengi husema, "Betri imekufa." Basi hununuliwa betri mpya. Mara nyingine gari huwaka, lakini mara nyingine husema "ta!" vilevile, na fedha imekwisha kwenda.

Nia ya makala hii ni kuonyesha kwamba mlio ule ni habari tunayopewa na gari. Hutuambia umeme umefika wapi na umekwamia wapi. Mtu akijua kuusikiliza, tena akiwa na mita ndogo ya kupimia umeme, aweza kuliona kosa kabla ya kutoa hata senti moja. Hesabu zinazotakiwa si ngumu. Ni zilezile za sheria ya Ohm tunazofundishwa katika Fizikia.

SAFARI YA UMEME

Zamani gari liliwashwa kwa hendeli. Mtu alisimama mbele ya gari akaizungusha injini kwa mkono, na injini iliporudi nyuma kwa ghafula hendeli iliweza kumvunja mkono. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilitoa magari yenye stata ya umeme, iliyobuniwa na Charles Kettering. Tangu hapo kazi ya ule mkono hufanywa na mota ndogo ya umeme, nayo ndiyo tunayoiita stata.

Ili tuelewe mlio, yatupasa kwanza kujua sehemu nne. Ya kwanza ni betri, ambayo ni ghala la umeme. Ya pili ni swichi ya ufunguo. Ya tatu ni solenoidi, kopo dogo la chuma ambalo katika magari mengi hukaa mgongoni mwa stata. Ya nne ni mota ya stata yenyewe.

Dereva akizungusha ufunguo, mkondo mdogo wa umeme hupita katika waya mwembamba hadi kwenye solenoidi. Ndani ya solenoidi mna koili ya waya wa shaba, na katikati yake mna kipande cha chuma mfano wa mchi wa kinu. Koili ikipata umeme huwa sumaku, nayo huuvuta ule mchi kwa nguvu. Mchi hufanya kazi mbili kwa mara moja. Husukuma gia ndogo ya stata ili meno yake yaingie katika meno ya gurudumu kubwa la injini, ambalo mafundi huliita flaiwili. Kisha hugandamiza kibao cha shaba juu ya bolti mbili nene, na hapo ndipo njia kuu ya umeme hufunguka kutoka betri hadi mota.

Ile "ta!" ni mchi huo unapogonga mwisho wa safari yake. Kwa hiyo tukisikia "ta!" twajua mambo mawili: ufunguo umefanya kazi yake, na waya mwembamba umefikisha umeme. Aliyebaki kuhojiwa ni njia kuu, yaani betri, waya mnene mwekundu, solenoidi, mota, na waya wa kurudia. Huo waya wa kurudia mafundi huuita waya wa ethi, nao huunganisha injini na kichwa cha hasi cha betri. Wengi husahau kwamba umeme unaokwenda lazima urudi, na kwamba barabara ya kurudi ikiharibika ni sawa na kuharibika barabara ya kwendea.

MILIO NA MAANA ZAKE

Milio si ya aina moja, wala maana zake si moja.

1. Kimya kabisa. Mchi haukuvutwa. Kama taa nazo haziwaki, betri imeisha kabisa au waya wake umechomoka. Kama taa zawaka vizuri, tazama fyuzi, relei, swichi ya ufunguo, na waya mwembamba wa solenoidi. Katika gari lenye gia za kujiendesha, hakikisha mkono wa gia umewekwa mahali pa kuegesha au pa gia huru, maana pengine gari halikubali kuwaka. Magari mengine ya gia za mkono nayo hayawaki mpaka klachi ikanyagwe.

2. "Ta-ta-ta-ta" ya haraka. Mchi huvutwa na kuachwa mara nyingi. Kibao cha shaba kinapogusa bolti, mota hudai umeme mwingi kwa ghafula. Betri dhaifu haiwezi kuutoa, volti zake huanguka, sumaku hulegea, na springi huurudisha mchi nyuma. Mota ikiachwa, volti hupanda tena, mchi huvutwa tena. Ni kama mtu mwenye njaa anayejaribu kunyanyua gunia la mahindi: kila akiliinua kidogo magoti hulegea akalitua. Aghalabu kosa ni betri yenye chaji kidogo, au kiungo kichafu kwenye vichwa vya betri.

3. "Ta!" moja nzito, kisha kimya au mkoromo mfupi. Sumaku inashika, lakini mota haizunguki au yajivuta tu. Hapa makosa yaweza kuwa mengi: kiungo kibaya katika njia kuu, kibao cha shaba kilichoungua, brashi za kaboni zilizokwisha ndani ya mota, au injini yenyewe iliyokwama.

4. Injini yazunguka kwa uvivu. Umeme wafika, ila hautoshi. Betri ni dhaifu, au njia ina kizuizi, au ni baridi kali na oili ni nzito.

5. Mota yavuma peke yake, injini haizunguki. Gia ndogo haikuingia katika meno ya flaiwili, au meno yamelika. Hapo betri haina kosa hata kidogo.

Injini ikizunguka kwa kasi yake ya kawaida lakini haishiki moto, ujue kwamba stata na betri zimetimiza kazi yake. Kosa li kwingine, katika mafuta au plagi, nalo si la makala hii.

KWA NINI TAA HUWADANGANYA WATU

Watu wengi husema, "Betri ni nzima na njia ya umeme ni nzima, maana taa zawaka." Hebu tulipime neno hili kwa hesabu.

Sheria ya Ohm husema kwamba volti zinazopotea mahali fulani ni sawa na mkondo uliozidishwa kwa ukinzani wa mahali hapo. Tuseme kichwa cha betri kina ule unga mweupe au wa kijani, nao umeleta ukinzani wa omu 0.02. Ni kidogo mno, hata mita za kawaida za kupimia omu haziwezi kuupima sawasawa.

Taa ndogo ya ndani ya gari yenye wati 5 hutumia kama ampea 0.4. Ampea 0.4 mara omu 0.02 ni volti 0.008. Jicho la mwanadamu haliwezi kuona upungufu huo. Taa mbili za mbele zenye wati 55 kila moja hutumia kama ampea 9. Ampea 9 mara 0.02 ni volti 0.18. Bado taa zitang'aa.

Sasa ije stata. Stata ya gari dogo yaweza kudai ampea 150, na ya gari la dizeli zaidi ya hapo. Ampea 150 mara omu 0.02 ni volti 3. Katika volti 12 zetu, robo nzima imepotea pale kwenye unga mweupe, kabla umeme haujafika popote. Nguvu inayopotea hapo hugeuka joto: volti 3 mara ampea 150 ni wati 450, ndiyo maana kiungo kibaya huweza kupata moto mkali baada ya kujaribu kuwasha mara chache.

Twaona basi kwamba taa na stata hazihitaji umeme wa kiasi kimoja. Mfereji uliozibwa na majani waweza kupitisha maji ya kujaza kikombe, lakini hauwezi kupitisha maji ya kunywesha shamba zima. Taa kuwaka ni ushahidi kwamba kuna umeme. Si ushahidi kwamba umeme watosha kazi ya stata.

Hata hivyo taa zaweza kutusaidia tukizitumia kwa akili. Washa taa za mbele, mwombe mwenzako azungushe ufunguo, nawe utazame. Taa zikizimika au kufifia sana, shuku betri na viungo vya vichwa vyake. Zikibaki karibu vilevile huku stata ikisema "ta!", betri yaelekea kuwa na nguvu, ila nguvu hiyo haiifikii mota au mota haiipokei. Betri ikipimwa ikawa nzima, na bado taa zafifia sana kwa "ta!" moja nzito, ogopa kwamba mota au injini imekwama.

GARI LA SHULE YETU

Sasa nieleze namna hesabu hizi zilivyotufaa. Shule yetu iko katika Nyanda za Juu Kusini, ambako mwezi wa Juni na Julai baridi huwa kali, hata asubuhi nyingine majani huonekana meupe kwa sakitu. Gari letu ni pikapu ya dizeli. Ndiyo huchukua unga na maharage, na mwanafunzi akizidiwa usiku ndiyo humpeleka hospitali.

Usiku mmoja wa mwezi wa Julai mwaka huu, mwenzetu wa Kidato cha Pili alishikwa na maumivu makali ya tumbo. Patroni alikuja bwenini, akamwamsha dereva wa shule, ambaye sote humwita Mzee. Mzee akazungusha ufunguo: "ta!" Injini ikajivuta nusu mzunguko, ikasimama. Akajaribu tena: "ta!" Tulitoka wavulana 12 tukalisukuma gari mteremkoni, naye akaingiza gia ya pili, likawaka. Mgonjwa alifika hospitali, akatibiwa, na sasa yuko darasani pamoja nasi. Lakini kila mtu alijiuliza, je, kama gari lingalikuwa limeegeshwa mahali pa tambarare, au njia imejaa matope?

Asubuhi neno lililosikika kila upande lilikuwa betri, maana betri ile ilikuwa na miaka mitatu. Tayari ilikuwa ikizungumzwa habari ya kuandika maombi ya fedha. Mzee akamwambia Mwalimu wa Fizikia, "Mwalimu, msinunue kitu bado. Niazimeni mita ya maabara kwa nusu saa." Mwalimu akaileta mwenyewe, akatuchukua wanafunzi watatu wa Chama cha Sayansi tuandike vipimo.

"Shikamoo, Mzee," tukasema.

"Marahaba, wanangu. Jana usiku mliziona taa?"

Mmoja wetu akajibu kwamba taa hazikufifia sana.

"Vema. Tena lilipowaka kwa kusukumwa lilikwenda vizuri mpaka hospitali. Basi mafuta hayana kosa. Andikeni."

Vipimo tulivyoandika ni hivi:

Betri ikiwa imetulia: volti 12.5.
Betri wakati ufunguo umezungushwa: volti 11.6.
Kwenye stata yenyewe, wakati huohuo: volti 7.1.

Mwalimu akatuuliza, "Betri yatoa 11.6, stata yapata 7.1. Zimekwenda wapi 4.5?" Hapo Mzee akaonyesha namna ya kumtafuta mwizi. Akaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha chanya cha betri, na nyingine kwenye bolti kubwa ya stata, ufunguo ukazungushwa: volti 0.3. Waya mwekundu haukuwa na hatia. Kisha akaweka ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri, na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, ufunguo ukazungushwa: volti 4.2. Kwa kawaida hapo hazitakiwi kuzidi kama volti 0.2 au 0.3. Mwizi alikuwa njia ya kurudi.

Mzee hakutosheka. Akachukua waya mmoja mnene wa kuazimia umeme, akaunganisha kichwa cha hasi cha betri moja kwa moja na chuma cha injini, akatuambia tusimame mbali na feni. Ufunguo ukazungushwa, na injini ikawaka mara moja, kwa betri ileile ya miaka mitatu. Jaribio hili laweza kufanywa hata na mtu asiyekuwa na mita, na ndilo lililowaridhisha waliokuwa wakitazama.

Waya wa ethi ulipofunguliwa tuliona kwamba bolti yake ilikuwa imekaza vizuri, na kwa juu haikuwa na kasoro. Lakini chini yake, pale waya unapogusana na injini, palikuwa na kutu na mafuta yaliyoganda. Mzee akapasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akafunga tena. Tukapima mara ya pili:

Betri wakati wa kuwasha: volti 10.5.
Kwenye stata: volti 9.9.
Zilizopotea njiani: volti 0.6, waya mwekundu 0.4 na waya wa ethi 0.2.

Hapa pana jambo lililotushangaza. Kabla ya matengenezo betri ilionyesha 11.6 wakati wa kuwasha, na baada ya matengenezo ikaonyesha 10.5. Je, betri ilikuwa imedhoofika? La. Mwanzoni kizuizi kilizuia mkondo, basi betri haikufanya kazi kubwa, kama ng'ombe mwenye nguvu ambaye mnyororo wa jembe lake umekatika. Kizuizi kilipoondoka, mkondo mkubwa ukapita, na betri ikaanza kufanya kazi yake ya kweli. Kwa hiyo kipimo kimoja peke yake hakitoshi kumhukumu mtu wala betri. Ni kulinganisha vipimo viwili, cha betri na cha stata, kulikotuonyesha ukweli.

Kama betri mpya ingalinunuliwa, ingalifungwa kwenye njia ileile yenye kutu, na usiku mwingine wa ugonjwa gari lingalisema "ta!" tena.

BETRI NAYO IHOJIWE KWA HAKI

Sisemi kwamba betri haina kosa siku zote. Mara nyingi inalo, hasa penye mlio wa "ta-ta-ta-ta". Lakini nayo ipimwe kwanza.

Betri ya gari ina vyumba 6, na kila chumba kikijaa chaji hutoa kama volti 2.1, jumla ni volti 12.6. Betri ikiwa imetulia kwa saa kadhaa, volti 12.4 ni kama robo tatu ya chaji, 12.2 ni kama nusu, 12.0 ni kama robo, na chini ya 11.9 imekwisha. Wakati wa kuwasha, katika hali ya joto la kawaida, volti kwenye vichwa vya betri zisianguke chini ya kama 9.6. Betri ikionyesha 12.6 katika kutulia, kisha ikaanguka mpaka 6 au 7 ufunguo unapozungushwa, yaelekea imechoka kwa ndani, isipokuwa kama stata imekwama na inadai kupita kiasi.

Tena ikionekana kwamba chaji imekwisha, tuulize sababu. Gari likiwaka, kazi ya kujaza betri ni ya alternata, na mita kwenye betri yapasa kuonyesha kati ya volti 13.8 na 14.5 au karibu na hapo. Pikapu yetu ilionyesha 14.2. Ikibaki 12 na ushei huku injini yanguruma, alternata haichaji, au mkanda wake umelegea au umekatika. Anayenunua betri mpya bila kutazama jambo hili ataitumia kwa muda mfupi tu, kisha nayo itakwisha kama ya kwanza.

Hali ya nchi nayo huingia katika hesabu. Huku kwetu kwenye baridi, kazi ya kikemikali ndani ya betri hupungua kasi na oili ya injini huwa nzito, basi betri hutakiwa kufanya kazi kubwa wakati nguvu zake zimepungua. Wenzetu wa pwani hawana baridi, lakini joto huizeesha betri mapema, na hewa ya chumvi huleta kutu kwenye viungo. Nasi wote tunaopita barabara za vumbi zenye mawimbi, mtikisiko hulegeza vichwa vya betri na huharibu bamba za risasi zilizo ndani yake.

TAHADHARI

Kabla mtu hajagusa kitu, na ayakumbuke haya. Gari liwe katika gia huru, breki ya mkono imevutwa, na nguo au tai isining'inie karibu na feni. Vua pete na saa ya chuma. Betri hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka ikipata cheche. Kwa hiyo pasiwe na sigara wala kiberiti. Majimaji yaliyo ndani ni tindikali. Yakimwagikia ngozi au macho, osha mara moja kwa maji mengi na umwone mganga.

Ukifungua waya za betri, anza na hasi. Ukizirudisha, malizia na hasi. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi ya gari, itatokea shoti kubwa. Ukiazima umeme wa gari jingine, waya mwekundu uunganishe chanya kwa chanya, kisha mweusi uanzie kwenye hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho ifungwe kwenye chuma kitupu cha injini ya gari bovu, mbali na betri, ili cheche isitokee penye gesi. Usishike ufunguo zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja, na uipumzishe stata kabla ya kujaribu tena. Gari lenye gia za kujiendesha halisukumwi ili liwake.

MPANGO WA KUFUATA

Kwa kifupi, mambo yafuatane hivi. Sikiliza mlio. Tazama taa za mbele wakati wa kuzungusha ufunguo. Tikisa na kusafisha vichwa vya betri na waya wa ethi, maana kazi hiyo haina gharama ila msasa na spana. Pima betri ikitulia, kisha pima betri na stata wakati wa kuwasha, ulinganishe. Volti zikipotea njiani, tengeneza njia. Betri ikianguka, ichaji na uipime tena. Volti zikifika kwenye stata zikiwa nzuri na bado ni "ta!" tu, stata ifunguliwe na fundi. Kununua kuwe jambo la mwisho.

Wanafunzi wenzangu, kuna wanaosema kwamba masomo ya darasani ni ya mtihani wa Novemba tu. Sheria ya Ohm ilitolewa mwaka 1827, na mwaka huu imetupatia gari la kupeleka wagonjwa. Nanyi wazazi wetu mlio na magari, pikipiki au mashine za kusaga, fundi akisema kitu fulani kimekufa, mwombeni kwa adabu awaonyeshe kipimo. Fundi mwema hatachukia. Kuuliza si ujinga.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kiungo kina ukinzani wa omu 0.015 na stata yadai ampea 200. Ni volti ngapi zitapotea hapo?

2. Betri ikitulia ina volti 12.6. Ufunguo ukizungushwa vichwa vyake vyaonyesha volti 7.8, taa zazimika, na mlio ni "ta-ta-ta-ta". Je, utaanza kuchunguza wapi, nawe utajuaje kama kosa si la alternata?

3. Wakati wa kuwasha betri ina volti 12.5 na bolti kubwa ya stata inapokea 12.3, lakini husikika "ta!" moja tu. Kosa li wapi?

4. Kwa nini gari lenye kosa la stata huweza kuwaka kwa kusukumwa?

Majibu yatabandikwa kwenye ubao wa Chama cha Sayansi baada ya juma la kwanza la muhula ujao.